Uchumi wa tabianchi: hesabu za msawazo zilipunja madhara, zikatia chumvi gharama, na chanzo ni kimoja

Mzamiaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tarehe 8 Oktoba 2018 mambo mawili yaligongana siku moja. Huko Incheon, Korea Kusini, IPCC, lile jopo la kimataifa la tabianchi, walitoa ripoti yao ya ongezeko la joto la nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Walisema ili tusivuke hapo, kaboni dioksidi inayotolewa duniani ishuke kwa takriban asilimia 45 chini ya kiwango cha 2010 ifikapo 2030, na ifike sifuri halisi (yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa hewani) karibu na 2050. Siku hiyohiyo Stockholm ikatangaza kwamba William Nordhaus ni mmoja wa washindi wawili wa Nobeli ya uchumi, kwa kazi ya kuingiza tabianchi kwenye modeli za uchumi. Modeli yake inaitwa DICE. Toleo lake la 2016 lilisema njia bora kiuchumi ni ile inayoiacha dunia ifikie ongezeko la joto la takriban nyuzi 3.5 mwaka 2100.

Upande mmoja unasema hata 2 ni hatari. Upande wa pili unasema 3.5 ndiyo hesabu nzuri. Na Nordhaus si mtu wa kubeza, maana alikuwa anaandika kuhusu kuitoza kaboni tangu miaka ya 1970, wakati wachumi wengi hawajui hata hiyo kaboni inawahusu nini. Kwa hiyo tuchunguze mashine yenyewe.

Ukiifungua DICE unakuta mtu mmoja. Nasema kweli, mmoja tu, anayewakilisha wanadamu wote. Haishi kufikiri, anajua yajayo, na kazi yake ni kuamua leo ale kiasi gani na awekeze kiasi gani ili jumla ya raha yake kwa karne kadhaa iwe kubwa kuliko zote. Uchumi wake unakua taratibu kwenye mstari. Hakuna benki inayofilisika, hakuna kampuni inayomwiga jirani, hakuna hofu. Joto linaingia kupitia kanuni moja ya madhara: chukua ongezeko la joto, lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 0.236, unapata asilimia ya pato la dunia itakayopotea.

Fanyeni wenyewe hapo mlipo. Nyuzi 3 zinatoa asilimia 2.1. Nyuzi 6 zinatoa 8.5. Nyuzi 10 zinatoa 23.6. Sasa kumbukeni kwamba kilele cha enzi ya barafu iliyopita, wakati barafu yenye unene wa kilomita kadhaa imeifunika Kanada, dunia ilikuwa na baridi kuliko kabla ya viwanda kwa nyuzi 5 au 6 hivi. Twende upande wa joto kwa umbali huohuo halafu tuambiwe tumepoteza asilimia 8? Na kwa uchumi uliokua kwa asilimia 2 kila mwaka kwa karne nzima, yaani umekuwa mkubwa mara saba, hiyo 8 haionekani hata kwa darubini.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Mashine hii ilikosea mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu ileile. Ilipunja madhara ya joto, na ikatia chumvi gharama ya kuachana na makaa ya mawe na mafuta. Wote wanaoitumia kusema "twende polepole" wanasimama juu ya makosa hayo mawili kwa pamoja. Sababu ni kwamba inauona uchumi kama kitu kilichotulia kwenye msawazo, kinachosogea kidogo ukikisukuma kidogo. Uchumi halisi ni mfumo changamano: watu na kampuni nyingi zisizojua yajayo, zinazotazamana, zinazodaiana, na wakati mwingine zinageuka zote kwa mpigo.

Nitaendelea kwa vipande. Wenye maswali wasisubiri.

Ndoo_ya_Pili

Nimevuta kiti. Shusha nondo mkuu.

Bi Chekecha

Mkuu kabla hujaenda mbali, mimi niliwahi kusikia kwamba ugomvi wote wa Nordhaus na yule Stern ulikuwa kwenye kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kupunguzia thamani ya mambo ya kesho, si kwenye madhara. Hebu tufafanulie hapo, maana kama ni hivyo basi mifumo changamano haina la kutuambia.

Mzamiaji

Bi Chekecha, umegusa penyewe. Ripoti ya 2006 ya Nicholas Stern, mchumi aliyeiandikia serikali ya Uingereza, ilisema kuchukua hatua kungegharimu takriban asilimia 1 ya pato la dunia kwa mwaka, na kutochukua kungepoteza kati ya asilimia 5 na 20. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba Stern alipunguza thamani ya mambo yajayo kwa takriban asilimia 1.4 kwa mwaka, Nordhaus akawa karibu na 5. Inaonekana ndogo. Lakini madhara ya milioni moja yatakayotokea baada ya miaka 100, kwa asilimia 5 yana uzito wa takriban 7,600 leo. Kwa 1.4 yana uzito wa takriban 249,000. Swali moja la maadili, majibu mawili yaliyotofautiana mara thelathini na zaidi.

Ndiyo maana ile wanayoiita gharama ya kijamii ya tani moja ya kaboni, yaani madhara ya tani hiyo yakigeuzwa fedha, huko Marekani imekuwa ikipanda na kushuka kila serikali inapobadilika. Shirika lao la mazingira lilipofika 2023 likasema dola 190, wakati utawala wa kwanza wa Trump ulikuwa kwenye dola chache tu. Hewa ni ileile.

Lakini usiishie hapo. Kiwango cha punguzo chenyewe kinategemea dhana kwamba wajukuu watakuwa matajiri kuliko sisi kwa uhakika, kwa hiyo shilingi yao haina haja kama yetu. Ukiruhusu uwezekano kwamba joto linaweza kuuvunja ukuaji wenyewe, si kuumega tu, hiyo dhana inayumba. Mchumi Martin Weitzman alionyesha 2009 kwamba kama uwezekano wa maafa makubwa haupungui haraka kadiri maafa yanavyokuwa makubwa, basi hesabu ya faida na hasara inatawaliwa na mkia huo wa maafa. Ule wastani mnaoupigania hauna tena neno. Yeye hakuwa mtu wa mifumo changamano, lakini aliufungua mlango.

HesabuTu

Nimesoma kwa utulivu. Naomba niwe mpinzani kidogo, maana naona huu uzi utaishia kuwa wa kushangiliana.

Kwanza, DICE ina ubora mmoja mnaoudharau: milinganyo yake inaenea kwenye kurasa chache, mwanafunzi yeyote anaweza kuiendesha kwenye jedwali la kompyuta na kuona kila dhana ilipo. Wewe mwenyewe umeipiga kwa kuzidisha namba tatu. Jaribu kufanya hivyo na hizo modeli zenu zenye mawakala laki moja, yaani watu na kampuni za kuigiza ndani ya kompyuta. Pili, mtu akiwa na vipimo arobaini vya kuchezea, yaani namba anazojipangia mwenyewe, anaweza kupata jibu analolitaka, halafu akasema "limeibuka lenyewe". Tatu, hakuna anayedai ile kanuni ya madhara ni sahihi kwa nyuzi 10. Robert Pindyck, mchumi wa kawaida kabisa wa MIT, aliandika 2013 kwamba kanuni hizo za madhara hazina msingi wa nadharia wala wa data. Kwa hiyo kasoro hiyo inajulikana ndani ya nyumba, hatuhitaji dini mpya kuiona.

Mzamiaji

HesabuTu, karibu sana, uzi bila mpinzani unachacha. Hoja ya vipimo vingi nitairudia, ina uzito. Ya tatu nakubaliana nawe nusu. Pindyck alisema namba hazina msingi. Mimi nasema hata ukizirekebisha, umbo lenyewe haliwezi kubeba kinachotokea. Tuangalie.

Mwaka 1991 Nordhaus aliugawa uchumi wa Marekani kwa sekta akasema takriban asilimia 87 yake haitaguswa na tabianchi isipokuwa kidogo sana, kwa sababu ni kazi zinazofanyika ndani ya majengo. Kilimo kilikuwa na asilimia ndogo ya pato, kwa hiyo hata kikiumia, hasara ni ndogo. Kihesabu ni safi. Lakini kilimo ni sehemu ndogo ya pato kwa sababu chakula kipo kingi na bei yake ni ya chini. Kipunguze, na hiyo sehemu ndogo inageuka kuwa jambo pekee ambalo watu wanalijali. Hao walio ndani ya majengo nao wanakula.

Na wala si lazima chakula kipungue. Mwishoni mwa 2007 hadi Aprili 2008 bei ya mchele kwenye soko la dunia ilipanda karibu mara tatu, bila mavuno ya dunia kuanguka. Kilichotokea ni hiki: ngano na mafuta vilikuwa vimepanda, India ikazuia kuuza mchele nje kulinda watu wake, Vietnam ikafuata, Ufilipino ikakimbilia kununua kwa bei yoyote, wafanyabiashara wakaona hayo wakaficha akiba, na familia zikajaza magunia. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa nafasi yake. Kwa pamoja wakazalisha uhaba ambao haukuwepo. Mwaka 2010 joto kali na ukame viliipiga Urusi, serikali ikapiga marufuku kuuza nafaka nje kuanzia katikati ya Agosti, na ngano ikaruka. Hapo angalau kulikuwa na upungufu wa kweli, ila mruko wa bei haukulingana nao.

Sasa mtieni huyo mtu mmoja wa DICE katika hali hii. Hana wa kumwogopa. Hana wa kumzuia asinunue. Kwake mavuno yakipungua kidogo, ustawi unashuka kidogo basi.

Mafuriko ya Thailand ya 2011 ni mfano mwingine ninaoupenda, kwa sababu yalikuwa ya mahali pamoja lakini yakasambaa kwa njia ambayo ramani ya mvua isingekuonyesha. Thailand ilikuwa inatengeneza takriban asilimia 40 ya diski za kuhifadhia data za kompyuta duniani. Viwanda vikazama, na bei za diski zikapanda hadi kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la mto Chao Phraya. Viwanda vya magari vilivyo nje kabisa ya Thailand vilipunguza uzalishaji kwa kukosa vipuri vidogo. Benki ya Dunia ilikadiria uharibifu na hasara ya takriban dola bilioni 46 kwa Thailand, na hapo hujahesabu waliosimama kwingine. Ndiyo maana watu wa mifumo changamano wanang'ang'ania mtandao: nani anamuuzia nani, nani anamdai nani. Kampuni mbili zenye mapato sawa hazina uzito sawa. Moja ikifa inazikwa peke yake, nyingine inaondoka na ukoo mzima.

Kwenye fedha ni vilevile. Stefano Battiston na wenzake walichapisha 2017 jaribio la kuzipima taasisi za fedha za Ulaya dhidi ya mshtuko wa sera za tabianchi. Ukiangalia hisa za makampuni ya mafuta na makaa tu, benki zinaonekana salama, sehemu yake ni ndogo. Ukiongeza sekta zote zinazoitegemea nishati hiyo, na kisha ukafuata taasisi zinazodaiana zenyewe kwa zenyewe, picha inabadilika kabisa. Hatari haikuwa kwenye mkoba wa mtu mmoja mmoja, ilikuwa katikati yao.

Dirisha la Kusini

Naongezea kwenye hilo la mtandao kwa sababu nafanya kazi karibu na bima. Watu wanadhani bima inaongezeka bei taratibu kadiri hatari inavyopanda. Inafanya hivyo hadi inapofika mahali, halafu inaondoka. California mwaka 2023 kampuni kubwa kuliko zote ya bima za nyumba katika jimbo hilo ilisitisha kupokea wateja wapya. Sasa fuata mnyororo: bila bima benki haitoi mkopo wa nyumba, bila mkopo wanunuzi wanabaki wenye fedha taslimu tu, bei inashuka, kodi ya majengo inapungua, halmashauri inakosa fedha za kuzuia moto, hatari inapanda tena. Hakuna kanuni ya kuzidisha joto kwa lenyewe itakayokuonyesha siku ambayo bima inaondoka.

Ndoo_ya_Pili

Kumbe ndiyo maana. Mimi nilidhani uchumi wa tabianchi ni kupanda miti.

Mzamiaji

Haha, miti nayo ipo, siku nyingine.

Sasa kosa la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi na linazungumzwa kidogo. Gharama ya kuhama.

Katika modeli za msawazo uchumi wa leo tayari uko mahali bora, kwa hiyo kuhama popote ni hasara, swali ni ya kiasi gani. Kwa miaka mingi teknolojia safi ziliwekwa kama kitu cha bei ghali ambacho kitashuka chenyewe polepole kadiri miaka inavyokwenda, kama vile kalenda ndiyo inayoshusha bei. Ushauri unaotoka hapo unajulikana: subirini, baadaye itakuwa nafuu.

Bei haishushwi na kalenda. Mwaka 1936 mhandisi Theodore Wright alionyesha kwa ndege kwamba gharama inashuka kwa kadiri umekwisha kutengeneza ngapi. Kila jumla ya uzalishaji inapoongezeka maradufu, gharama inashuka kwa asilimia fulani ileile. Kwa paneli za jua ni takriban asilimia 20. Ongeza maradufu mara kumi, yaani mara elfu moja na kidogo, na bei inabaki karibu sehemu moja ya kumi. Ndicho kilichotokea, na si mara moja. Mwaka 1958 seli za jua zilikuwa ghali kiasi kwamba mteja wa maana alikuwa setilaiti, Vanguard 1. Ujerumani ikapitisha sheria yake mwaka 2000 ya kuwalipa wazalishaji bei ya uhakika kwa umeme huo, ikaonekana ni upotevu, wachumi wengi wakaicheka. Soko hilo likavipa viwanda vya China sababu ya kujijenga. Kati ya 2010 na 2020 umeme wa mitambo mikubwa ya jua ukashuka gharama kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka baada ya mwaka makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati yalionyesha ujenzi wa jua ukienda sambamba na sakafu, na mwaka baada ya mwaka mstari halisi ukapaa.

Upande wa pili, makaa, mafuta na gesi, ukiondoa mfumuko wa bei, havina mwelekeo wa kushuka kwa zaidi ya karne. Vinapanda, vinashuka, vinarudi. Unavichimba, na kila pipa jipya ni la kuchimbwa upya.

Hapa ndipo W. Brian Arthur anapoingia. Ni mchumi, alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo wa taasisi ya Santa Fe ya Marekani, inayochunguza mifumo changamano, iliyoanzishwa 1984. Makala yake ya 1989 ilionyesha kwamba kitu kinapokuwa bora kadiri kinavyotumika, mshindi haamuliwi na ubora peke yake. Ajali ndogo za mwanzo zinaweza kuifunga dunia kwenye teknolojia moja kwa muda mrefu. Hakuna msawazo mmoja bora unaotusubiri. Kuna mabonde kadhaa, na tumo kwenye bonde la makaa na mafuta kwa sababu mitambo, barabara, sheria, mafundi na mikopo yote ilijengwa kulizunguka. Kutoka ni ghali mwanzoni. Ukishavuka kilima, mteremko unakusukuma.

Rupert Way, Doyne Farmer na wenzao wa Oxford walichapisha makadirio mwaka 2022 wakitumia mikondo hii ya kushuka kwa gharama, pamoja na kiasi cha kutokuwa na uhakika cha kila mkondo. Walichopata: kuhama haraka kuna uwezekano mkubwa wa kuiokolea dunia matrilioni ya dola ikilinganishwa na kubaki kwenye mafuta, hata ukiyaacha kabisa madhara ya tabianchi nje ya hesabu. Nashangaa hadi leo kwa nini hili halipigiwi kelele. Swali la Stern na Nordhaus lilikuwa tulipe kiasi gani leo kuwaokoa wajukuu. Ikiwa njia ya haraka ndiyo ya bei nafuu, ugomvi wa kiwango cha punguzo unapoteza nguvu nyingi.

HesabuTu

Hapo mkuu nakusimamisha. Wright aliona uhusiano. Huwezi kujua kama uzalishaji ndio ulioshusha bei, au bei iliyoshuka kwa sababu nyingine ndiyo iliyoongeza uzalishaji. Pia umechagua mshindi. Nyuklia nayo imejengwa kwa miongo mingi, na katika nchi kadhaa gharama yake imepanda. Mkondo wake uko wapi? Na mwisho, unasema bei hazitoshi, lakini kila mfano wako wa kufanikiwa naona bei ndani yake.

Mzamiaji

Ya nyuklia ni kweli na ndiyo inayonifanya niuamini mkondo kwa tahadhari. Vitu vidogo vinavyotengenezwa kwa mamilioni kiwandani, paneli, betri, vinajifunza haraka. Miradi mikubwa inayojengwa mmoja mmoja mahali pake haijifunzi hivyo. Kuhusu kuchagua mshindi, Farmer na François Lafond walichapisha 2016 jaribio la teknolojia 53: unajifanya uko zamani, unatabiri kwa data ya wakati huo tu, kisha unaangalia ulikosea kwa kiasi gani. Makosa yalikuwepo, lakini ukubwa wake ulikadirika. Hicho ndicho ninachokitaka, utabiri unaokuja na kipimo cha ujinga wake. Kuhusu kipi kilimsukuma kipi, nakubali data peke yake haimalizi ubishi. Sheria ya Ujerumani ni ushahidi kwa upande wangu kwa sababu soko lilitangulia na bei ikafuata.

Sasa bei. Sijasema bei hazina kazi. Tuangalie Uingereza. Mwaka 2012 makaa yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wake. Mwaka 2013 wakaanzisha kima cha chini cha bei ya kaboni kwa mitambo ya umeme, 2015 wakaipandisha hadi pauni 18 kwa tani juu ya bei ya soko la Ulaya. Pauni 18 si kitu ukiilinganisha na dola 190. Mchumi wa kawaida angesema ni ndogo mno, itapunguza makaa kidogo. Lakini ilitosha kuyafanya makaa yawe ghali kuliko gesi. Mitambo ya makaa ikaanza kuitwa saa chache zaidi kila mwezi, saa chache hazilipii gharama za kudumu, wenye mitambo wakaifunga badala ya kuitengeneza, na umeme wa upepo ukaendelea kuingia. Kutoka takriban asilimia 22 mwaka 2015 makaa yakaanguka hadi 9 mwaka 2016. Mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa 30 Septemba 2024.

Norway kwenye magari ni mchezo huohuo. Walitumia kodi hadi gari la umeme likakaribiana bei na la petroli dukani. Mwaka 2020 zaidi ya nusu ya magari mapya yalikuwa ya umeme, 2024 karibu tisa katika kila kumi.

Kwa hiyo bei ipo, ila kazi yake imebadilika. Kwa Nordhaus bei ya kaboni inatafutwa kwa kulinganisha na madhara ya tani moja, halafu inapandishwa taratibu kwa karne. Kwa watu wa mifumo changamano unauliza kizingiti, yaani pale mfumo unapogeuka, kiko wapi, kinahitaji msukumo wa kiasi gani, na baada ya hapo mfumo utajivuta wenyewe au utarudi. Pauni 18 mahali pake zilifanya kazi kuliko bei kubwa mahali pasipo na mbadala. Timothy Lenton, aliyekuwa kiongozi wa makala ya 2008 iliyoorodhesha sehemu za dunia zinazoweza kugeuka ghafla kwa joto, barafu ya Greenland, msitu wa Amazon na nyinginezo, ndiye huyohuyo aliyeandika na Simon Sharpe kuhusu vizingiti vya uchumi, kwa mifano hiyohiyo ya makaa na magari. Hesabu za kugeuka kwa barafu na za kugeuka kwa soko ni za ukoo mmoja.

Bi Chekecha

Sawa, lakini usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Saruji inatoa takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi duniani, chuma nacho hapohapo jirani. Kizingiti chao kiko wapi? Na hao walioko kwenye migodi ya makaa nao ni mawakala, wana kura.

Mzamiaji

Bi Chekecha, kwenye saruji sioni kizingiti, na ninaowasikia wakikitangaza nadhani wanakimbilia neno lenye mvuto. Kaboni nyingi ya saruji inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa, si kwenye nishati ya kuyachoma tu, na hakuna kitu kidogo cha kiwandani cha kuibadili. Huko nadhani itabidi amri za kawaida, viwango vya ujenzi na fedha za umma. Chuma kina nafuu kidogo, kwa sababu kikitumia hidrojeni iliyotengenezwa kwa umeme wa jua na upepo kinaning'inia kwenye mkondo wa wengine.

Kuhusu wachimbaji, hapa ndipo modeli ya mtu mmoja inaaibika kabisa. Katika hesabu yake anayepoteza na anayepata ni yuleyule, kwa hiyo hakuna siasa. Modeli za mawakala angalau zinaweza kukuambia mji gani utapoteza ajira, lini, na kama kazi mpya ziko karibu na ujuzi wa watu wale. Jean-François Mercure na wenzake walikadiria 2018 kwamba mali za mafuta na makaa zitakazokosa soko zinaweza kufuta thamani ya dola trilioni 1 hadi 4, na kwamba sehemu ya mdodoro huo inatokana na mwendo wa teknolojia uliokwisha kuanza, hata bila sera mpya. Hao wenye mali hawatakaa kimya.

HesabuTu

Umeahidi kurudi kwenye vipimo vingi.

Mzamiaji

Narudi. Kwenye modeli kama ile ya Francesco Lamperti na wenzake ya 2018, kampuni nyingi, benki, mitambo ya umeme na tabianchi vimeunganishwa, na madhara yanayojitokeza ni makubwa kuliko ya modeli za kawaida kwa sababu mshtuko unaigonga kampuni mojamoja, siyo wastani. Namba halisi ya karne ijayo kutoka humo mimi siichukui kama utabiri, naichukua kama maelezo ya njia ambazo mambo yanaweza kuharibikia. Tiba ya wasiwasi wako naijua moja tu: ziwekwe kwenye majaribio ambayo zinaweza kufeli hadharani. Limeshafanyika mara moja kwa uzuri. Mwanzoni mwa UVIKO-19 kundi la Oxford liliunda modeli ya viwanda vya Uingereza, kila kimoja na malighafi zake na akiba yake, bila dhana ya msawazo. Walisema robo ya pili ya 2020 pato lingeanguka kwa asilimia 21.5. Takwimu rasmi zilipotoka zikasema 22.1.

HesabuTu

Hiyo ya robo moja ya mwaka naikubali, na nimeiheshimu. Ya miaka themanini bado hamjanionyesha. Ila na DICE nayo haijanionyesha, kwa hiyo hapo tuko sare.